Maji ya Kabange

Sufu iliyolowa ina harufu yake. Juzi asubuhi nilikuwa nafua kofia ya mwanangu, katika hii miezi ya baridi ambapo Kolwezi huamka imejifunika vumbi mpaka masikioni, na nilipoikamua harufu ile ikanipanda puani, harufu ya maziwa na jasho la mtoto mchanga na ya kondoo ambaye sijawahi kumwona. Nikasimama uani, vidole vimekufa ganzi, nikawa tena Mado, msichana wa darasa la tatu. Mume wangu akapita akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimemkumbuka Kabange tu. Yeye hadithi hii ameisikia nusunusu. Ninyi nitawapa nzima.

Tulikaa Dilala, katika zile nyumba za matofali ambazo kampuni ya migodi iliwajengea wafanyakazi wake zamani, zimefanana kiasi kwamba jirani mmoja aliyekuwa amekunywa aliingia kwetu siku moja, akavua viatu, akakaa mezani akaulizia bukari yake, ugali wetu wa huku. Mama alimpakulia. Alikula, akashukuru, na alipoinua macho na kuona picha za ukutani si zake akatoka bila neno. Kutoka upande wa Musonoi tulisikia miamba ikilipuliwa. Vikombe vililia kabatini, watu walinyamaza kidogo, kisha mazungumzo yakaendelea pale pale yalipokatika. Malori yalipita siku nzima na vumbi lao halikutua kabisa, likabaki juu ya mapaa, na jua la jioni likawa na rangi ya chai kavu. Katika kumbukumbu yangu kila kitu kinatokea ndani ya mwanga huo, hata mambo ambayo najua yalitokea saa nne asubuhi.

Nyumbani kwetu kulikuwa na wazee wawili, wote wanawake, wote tukiwaita Nkambo, kama tunavyowaita huku wazazi wa wazazi wetu. Nkambo Albertina alikuwa mama mzazi wa Tata, baba yangu. Alikuwa mjane wa katekista, Mkatoliki tangu tumboni, mwembamba, mwenye macho yaliyoanza kufunikwa na ukungu mweupe hata akawa anatutambua kwa hatua zetu. Nkambo Ruti alikuwa mama mzazi wa Mama, Mprotestanti, mnene, mwenye mikono isiyojua kupumzika. Akikosa kazi alifuma, na akikosa uzi alifumua alichokifuma jana. Alikuja kumsaidia Mama aliponizaa mimi, na siku ya kurudi kwao kaskazini haikufika. Wote wawili walikuwa wametoka huko kaskazini, walipenda samaki wale wale na walicheka mambo yale yale, na walitwanga sombe, majani ya muhogo, katika kinu kimoja, mchi huu ukishuka na ule ukipanda, bila kugongana hata mara moja.

Walichogongania ni mbingu. Mmoja alianza, sijui kwa nini daima ilikuwa wakati wa kuchambua mboga, na mwingine hakuweza kuacha.

"Mama Ruti, inje ya Eklezia hakuna wokovu. Si mi nasema. Ni Eklezia inasema."

"Na mi nasoma mu Biblia, mama. Mutu anaamini kwanza, njo anabatizwa. Mutoto wa maziwa ataamini nini? Ataamini titi."

"Sasa mutoto akikufa mbele ya kuamini?"

"Ni wa Mungu. Maji yenu ile ni ya kumuosha uso tu."

Hawakupandisha sauti. Walikuwa wakwe, na wakwe wana heshima yao. Hata kumwambia mwenzako kwamba ataangamia ulimwambia kwa "mama" mbele na "mama" nyuma. Mimi nilikaa katikati nikichambua majani, na kwa kuwa nilikwenda misa asubuhi na Nkambo Albertina na shule ya Jumapili alasiri na Nkambo Ruti, niliyapokea yote kwa moyo mmoja. Nilijaribu kufanya hesabu ya watakaookoka. Nikawatoa Waprotestanti kwa upande huu, nikawatoa Wakatoliki kwa upande ule, nikawatoa walevi, wachimbaji waliokuja kutoka kila pembe ya Kongo na kulala na njaa ya wanawake, na jirani yetu wa bukari. Barabara yetu yote ikaisha. Nikawaona bibi zangu kila mmoja ndani ya mbingu yake, safi, pana, amekaa peke yake mbele ya kinu kikubwa, hana mwenzake wa kutwanga naye. Nilihuzunika sana, ila sikuona kosa katika hesabu yangu.

Mimi nilibatizwa nikiwa mchanga. Ndivyo Tata alivyotaka, na Mama alikubali kwa sharti kwamba atakayefuata atakuwa wa upande wake, atangoja akue, akiri kwa kinywa chake, azamishwe mtoni kama watu wa kwao. Ulikuwa mkataba mzuri. Kisha wakazaliwa wawili. Wa kwanza aliitwa Kyungu na wa pili Kabange, kama mapacha wote wa kabila letu, na Nkambo Albertina akatoa hoja kwamba mkataba ulikuwa wa mtoto mmoja. Basi mmoja aende kwa mama yake na mmoja apewe Eklezia.

Hapo ndipo hata yeye mwenyewe alikwama, maana mapacha hawagawanywi. Unachompa mmoja unampa mwingine. Ukimwogesha Kyungu unamwogesha Kabange, hata kama amelala. Ukimsalimu mmoja ukamsahau mwenzake, aliyesahauliwa atanuna, na pacha akinuna anaweza kurudi alikotoka. Wazee wa kanisa la Nkambo Ruti waliyaita mambo hayo giza la kale, na yeye pia aliyaita hivyo kwa sauti. Lakini sikumwona hata siku moja akimsalimu Kyungu bila kugeuka na kumsalimu Kabange. Kwa hiyo mmoja hakuweza kupewa maji na mwingine akanyimwa, na Mama hakukubali wapewe wote, na ubatizo ukabaki ukining'inia nyumbani mwetu kama nguo isiyokauka.

Nkambo Ruti aliwafumia kofia za sufu. Nyeupe ilikuwa ya Kyungu, ya njano ilikuwa ya Kabange. Bila kofia hizo wengi hawakuweza kuwatofautisha. Mama aliweza, na mimi niliweza, kwa sababu Kabange akibebwa alikushika sikio na kulisugua taratibu kati ya vidole vyake, huku akiangalia mbali kama mtu anayefikiria safari. Nilimpenda zaidi. Kwa mapacha hilo haliruhusiwi, kwa hiyo nilimpenda kwa siri.

Baridi ile Kabange akaanza kukohoa. Tata alikuwa amekwenda Mutshatsha kununua makaa ya kuja kuuza. Asubuhi Mama alimpeleka mtoto kwa muuguzi wa karibu, akapewa dawa ya maji na kuambiwa kwamba joto likipanda tena wasingoje, waende hospitali. Likapanda alasiri. Mama akamvua kofia yake kwa ajili ya lile joto, na kwa kuwa kofia nyeupe ilikuwa kambani inachuruzika, akaichukua ya njano akamvika Kyungu, aliyekuwa amelala chumbani mzima wa afya, amechoka kwa kucheza. Kabange hakutaka kulala kitandani. Kila alipowekwa chini alilia kwa sauti ndogo kama mlango mbovu. Basi Mama akanifunga naye mgongoni kwa kitenge, akamfunika shali juu, akaniambia nitembee naye uani mpaka arudi, naye akatoka mbio barabarani kutafuta taksimoto, pikipiki ya kukodi, maana siku hiyo kwenye kona hapakuwa na hata moja.

Nikatembea. Kutoka bombani mpaka kwenye mpapai, kutoka kwenye mpapai mpaka bombani. Joto lake liliniunguza mgongo mzima. Hakulia tena, alikuwa ameingiza mkono shingoni mwangu akanipata sikio, akawa analisugua polepole, kisha polepole zaidi. Mwanga wa chai kavu ulikuwa umeshuka juu ya kila kitu. Nkambo Ruti alikuwa ameketi mbele ya mbabula, lile jiko letu la makaa, anachemsha maji, na kila nilipopita aliinua macho na kusema, "Polepole, mama, polepole," na kuyashusha tena. Hakuinuka. Nkambo Albertina alirudi kutoka kanisani, akapita karibu nami bila kuniona vizuri, akaingia ndani. Baada ya muda Mama akaja na taksimoto, akanifungua Kabange, akapanda nyuma ya dereva amemkumbatia, wakaingia katika vumbi.

Naomba mlishike hili moja. Tangu Mama aliponifunga mtoto yule mpaka aliponifungua, hakuna mtu mwingine aliyemgusa.

Hakurudi akiwa hai. Alifika hospitalini, wakampokea kwa haraka, na kabla jua halijazama kabisa alikuwa ameshatutoka.

Kwetu pacha hasemwi kwamba amekufa. Inasemwa kwamba amerudi, na mama yake anaombwa asipige yowe, ili yule aliyebaki asisikie njia. Kwa hiyo kilio chetu kilikuwa cha kimya. Tata alifika na uso wa mtu aliyekosea nyumba. Tukazika. Wanawake walikaa sebuleni juu ya mikeka, wa parokia upande wa dirisha, wa kanisa la Nkambo Ruti upande wa mlango, wakinong'ona kila upande nyimbo zake, na zile nyimbo mbili zilichanganyika katikati ya chumba zikawa wimbo mmoja usio na maneno. Mimi nilikaa humo nikisikia mgongo wangu ukiwa mtupu. Hiyo ndiyo namna pekee ninayoweza kuisema.

Ndipo Nkambo Albertina akasogea karibu na Mama, akamshika goti. Alitaka kumfariji, namjua. Alikuwa ameificha habari hiyo kwa kuogopa kumuudhi, na sasa akaona ni wakati wa kumpa kama zawadi.

"Mwana, usilie ndani sana. Mutoto ashafika. Mi nilimubatiza."

Mama akamgeukia. "Wakati gani, mama?"

"Ile siku. Niliingia mu chumba, nikamukuta amelala kimya, anatoka jasho, nikasema huyu anakwenda. Mutu yeyote anaweza kubatiza kama mutoto iko karibu ya kufa, njo Eklezia inatufundisha. Nikachota maji na kikombe. Nikamutosha kofia yake ya njano, nikamumwangia ku kichwa, nikasema maneno yote. Unisamehe. Sikutaka apotee."

Sidhani Mama alitaka kulisema. Lilimtoka tu.

"Mama," akasema, "ile kofia nilivalisha Kyungu. Kabange alikuwa mu mugongo ya Mado."

Nkambo Albertina alibaki ameshika goti lile. Nilimwona akigeuza macho yake yenye ukungu kuelekea kwangu, kisha kuelekea chumbani Kyungu alikolala, mzima, mnene, amebatizwa, wa Eklezia milele. Kisha mkono wake ukashuka wenyewe.

Ili mwelewe ilivyomvunja, lazima mjue alichofundishwa utotoni. Katekisimu ya zamani ilimwambia kwamba mtoto asiyebatizwa haendi motoni, lakini haingii mbinguni pia. Anawekwa mahali pembeni, hapana mateso, hapana baridi, ila uso wa Mungu hatauona kamwe. Nkambo Albertina alimwona Kabange huko. Alituambia. Alisema ni mahali pa jioni isiyoisha, na mtoto amekaa chini, anasikia sauti za ndugu zake zikicheka nyuma ya ukuta na hapati mlango. Na pacha, aliyepaswa kupewa kila alichopewa mwenzake, ndiye aliyekosa. Na aliyemkosesha ni yeye, kwa macho yake mabovu na haraka yake. Akaacha kula. Alishika rozari bila kuisali. Bukari iliwekwa mbele yake ikapoa, ikaondolewa, na usiku tulimsikia akiugeuza mwili kitandani.

Padri kijana wa parokia alikuja. Alikaa naye, akamweleza kwa upole kwamba Mungu hafungwi na kikombe cha maji, kwamba Eklezia yenyewe leo inatumaini huruma yake kwa watoto hao. Nkambo alimsikiliza mpaka mwisho, akambusu mkono. Padri alipoondoka, Nkambo akasema, "Huyu mompere ni mutoto. Bale ba zamani hawakutufundisha vile."

Nkambo Ruti naye alijaribu. Mngetazamia afurahi kidogo. Mabishano yale ya miaka yalikuwa yamegeuka upande wake, maana kwa imani yake Kabange hakukosa chochote. Hakufurahi hata chembe. Alileta kigoda chake karibu na kile cha mwenzake na kusema, "Mama Albertina, Yesu alibeba batoto mu mikono. Hakuuliza nani iko na maji ku kichwa."

"Ile ni ya kwenu, mama," akajibu Nkambo Albertina, bila hasira. "Mi niko na ya kwetu."

Na ilikuwa kweli. Mlango wa Nkambo Ruti ulikuwa wazi, ila mwenzake hakuweza kuupita. Asingeweza kumwingiza Kabange katika mbingu ambayo yeye mwenyewe hakuiamini. Nkambo Ruti alikaa akimtazama. Siku zile ndizo nilizoiona mikono yake imetulia, uzi umelala mapajani.

Ilikuwa alasiri, wanawake wa kilio bado wako, na miongoni mwao mke wa mzee mmoja wa kanisa la Nkambo Ruti, mtu wa masikio marefu. Mama alikuwa ameleta uji, na Nkambo Albertina amegeuza uso ukutani. Nkambo Ruti akaweka uzi chini.

"Mama Albertina, nikuambie kitu. Mi nilikuona ile siku. Niliingia kukamata chumvi, nikakuona na kikombe. Ulipotoka nikaangalia mutoto, nikaona: huyu si Kabange, ni Kyungu. Nikaogopa. Hawa ni mapasa. Kile unapa mumoja unapa mungine. Nikakamata kile kikombe chako, maji ilikuwa imebaki, nikatoka kule inje, nikamumwangia Kabange pale mu mugongo ya Mado. Na yale maneno yako nikasema yote."

Mke wa mzee alifungua kinywa.

Nkambo Albertina aligeuka polepole kutoka ukutani. "Ulisema namna gani?"

"Kabange, ninakubatiza, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mutakatifu. Haya maneno hata siye tuko nayo."

"Weye? Muprotestanti?"

"Ni juu ya mapasa," akasema Nkambo Ruti, ameangalia chini. "Nilikuwa na haya ya kusema."

Nkambo Albertina alianza kulia, kilio cha kwanza tangu mazishi. Akanyoosha mkono akipapasa hewani mpaka akaupata uso wa mwenzake. Kisha akaomba ule uji.

Nami? Nilikuwa nimekaa pale pale mkekani. Nilijua. Hakuna kikombe kilichotoka nje, hakuna maji, hakuna maneno, na Nkambo Ruti hakuinuka mbele ya mbabula yake. Huyu ndiye aliyetufundisha shule ya Jumapili, akisimama mbele yetu na kidole juu, kwamba waongo wote sehemu yao ni katika ziwa la moto. Na amesema uongo mbele ya watu wote, uongo mrefu, wenye chumvi na kikombe ndani yake. Alinitazama mara moja tu, haraka. Hakunikonyeza wala kunitisha. Nilishusha macho.

Habari ilifika kanisani kabla ya Jumapili. Alikuwa ametenda makosa mawili kwa pamoja, kubatiza mtoto mchanga kama Wakatoliki na kushika mila ya mapacha kama wapagani, na wazee hawakujua waanze na lipi. Wakamwita. Wakamwambia atubu mbele ya kanisa, la sivyo ataondolewa kwenye Meza ya Bwana na kukaa benchi la nyuma, lile la walio chini ya adhabu, ambapo kwa kawaida walikaa wasichana waliopata mimba na wanaume waliooa mke wa pili. Angeweza kuwaambia ukweli. Neno moja, sikubatiza mtu, na angerudi mahali pake. Lakini neno hilo lingerudi nyumbani kabla yake. Akakaa benchi la nyuma.

Nikawa namwogopea kwa namna ambayo sikuwahi kumwogopea mtu. Kabange sasa alikuwa salama, kila mtu alikubali, na aliyepotea ni Nkambo Ruti. Nilisali kwa ajili yake misa ya asubuhi, nikasali tena alasiri, na sikujua ni kwa Mungu wa upande gani. Mwisho nikamfuata nyuma ya nyumba alikokuwa anamenya maharage kwenye mkeka. Nilikaa, nikachukua ganda, nikasema bila kumtazama.

"Nkambo, haukumumwangia."

"Hapana," akasema.

"Weye njo ulisema uongo inapeleka mutu mu moto."

"Njo. Inapeleka." Aliendelea kumenya. Maharage yalianguka katika sinia, tik, tik. Niliona kidevu chake kinatetemeka na nikaelewa kwamba hakuwa anatania, kwamba aliliamini ziwa lile la moto kama alivyoamini mbabula yake. Kisha akapangusa pua kwa nyuma ya mkono. "Lakini ule mama alikula leo. Ulimuona? Alikula yote."

Sikuuliza tena.

Mvua za kwanza zilipokuja, na vumbi likashuka kwa mara ya kwanza na mapaa yakaonekana rangi yake, kanisa la Nkambo Ruti likawa na Jumapili ya Meza ya Bwana. Nilikwenda naye. Alikaa nyuma kwenye benchi lake, amevaa kitambaa cheupe, mikono mapajani. Mkate ukaanza kupita mbele. Ndipo mlango ukafunguka na hatua za polepole zikaingia, zikipapasa sakafu, na watu wakageuka. Alikuwa Nkambo Albertina, ambaye hajawahi kukanyaga mle maisha yake yote. Alikuwa amevaa kitenge cha akina mama wa parokia, chenye picha ya Bikira Maria mbele na nyuma, kubwa, buluu, mbele ya wazee wote. Mchungaji alisimama na sahani mkononi. Nkambo Albertina akalipapasa benchi la nyuma mpaka akampata mwenzake kwa bega, akaketi karibu naye, wakabanana. Mkate ukapita, ukafika safu ya mbele yao, ukarudi. Walikaa hivyo hivyo mpaka wimbo wa mwisho, wanawake wawili ambao hawakupewa kitu.

Wakati ule nilidhani amekuja kumshukuru kwa ajili ya yale maji. Niliona ni haki kabisa. Nami nilikuwa nimekaa kando yao na siri ile, nikijivuna kwa kuwa mimi peke yangu najua.

Nkambo Ruti alikaa benchi hilo miaka, mpaka mchungaji mwingine alipokuja na kumrudisha bila kumuuliza lolote. Alitangulia yeye kufariki, na Nkambo Albertina akabaki nasi, kipofu kabisa sasa, nikilala naye chumba kimoja mpaka nilipoolewa. Aliniuliza kila kitu. Nani kapita barabarani, kitenge chake kina rangi gani, mboga imeungwa na nini, kijana yule anayekuja kuniona anasali wapi. Alinisimulia habari za Kabange pia, jinsi alivyopata maji yake mgongoni mwangu, na kila mara alipofika hapo alinishika mkono, akaendelea mbele na mambo mengine.

Sasa nina mtoto wangu na macho yangu mwenyewe, na nimeelewa kwa nini Nkambo Albertina alikuja kukaa kwenye lile benchi. Mgongo ulikuwa wangu. Kama maji yalimwagika, mimi ndiye niliyelowa, na mwanamke aliyebisha juu ya kila tone la wokovu alilala hatua mbili kutoka kwa shahidi wa pekee, miaka yote ile, na hakuniuliza kama nililowa.